Shira ya Tangawizi kwa Siku Kuu

Maneno haya niliyasema kwanza kwa mdomo, chini ya mwembe, huko Alunguli ng'ambo ya Mto Lualaba. Nilikuwa nimevuka kwa mtumbwi kutoka Kindu kwenda kutazama mashamba ya tangawizi. Nikawakuta akina mama wamekaa na vikapu vyao, wala nyuso zao hazikuwa za furaha. Mnunuzi alikuwa amepita asubuhi. Alichagua vipande vikubwa, akaacha vidogo na vilivyovunjika. Mama mmoja akaniuliza, "Moniteri, haya mabaki tuyatupe?" Nikamjibu, "Usiyatupe, mama. Noeli imekaribia. Nitafutie sufuria na kilo moja ya sukari."

Wakacheka, maana walidhani namfanyia mzaha. Tukawasha moto. Jua lilipokuwa linashuka tulikuwa na chupa iliyojaa, na watoto wamezunguka sufuria wakingoja kulamba mwiko. Basi wewe unayesoma, ukae nawe chini ya mwembe ule, nami nitakueleza kazi yote tangu shambani mpaka kwenye kikombe.

Kwanza, shira ni nini? Shira ni maji mazito ya sukari. Watu wa pwani huyatumia kwa kaimati na visheti. Huku kwetu waliosoma Kifaransa huita siro, nao wamezoea kuiona dukani ndani ya chupa, nyekundu au ya kijani, imetoka mbali. Tukichemsha tangawizi na viungo vingine katika maji yale kabla ya kutia sukari, twapata shira ya viungo. Haiywewi peke yake, maana ni tamu mno na kali. Hutiwa kidogo katika kikombe, kisha huongezwa maji. Tena humwagwa juu ya vitumbua, juu ya ndizi za kukaanga, au juu ya nanasi.

Wengine watasema, "Kwa nini nijisumbue, na soda zipo?" Haya, tufanye hesabu. Kreti moja ina chupa 24. Ikiwa kila chupa ni sentilita 33, kreti nzima ni karibu lita 8 za kinywaji. Kilo moja ya sukari hutoa karibu lita moja ya shira, na lita moja ya shira ukiichanganya na lita 7 za maji hupata lita 8 zile zile, yaani vikombe 40 vidogo. Sasa nenda sokoni kwako. Uliza bei ya kreti, kisha uliza bei ya kilo moja ya sukari, ndimu mbili na karafuu chache. Tangawizi unayo. Kuni unazo. Tofauti ya bei ni yako, nayo katika mwezi wa Desemba si kitu kidogo, kwa kuwa Januari inakuja na karo ya shule na madaftari. Nimeona baba wa nyumba akinunua kreti mbili kwa ajili ya wageni wa siku moja, kisha wiki ya pili anakopa chumvi kwa jirani. Simcheki. Mgeni akija siku kuu, aibu ya kumpa maji matupu ni aibu kweli, na ndiyo sababu nasema jambo hili.

Nataka kusema kidogo habari za vitu hivi vilikotoka, maana wazee wengine hufikiri kwamba viungo ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Tangawizi asili yake ni Asia. Mdalasini mzuri asili yake ni kisiwa cha Ceylon, kinachoitwa sasa Sri Lanka. Karafuu ilitoka visiwa vya Moluku, ikapandwa Unguja na Pemba katika karne ya 19. Kutoka huko pwani ndiko walikokuja Waungwana waliokaa Nyangwe na Kasongo. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 aliwakuta, na Stanley naye akawakuta mwaka 1876. Walikuja na bunduki na minyororo. Babu zetu wengi waliondoka katika nchi hii wala hawakurudi. Hayo hatusahau. Lakini walileta pia lugha hii ninayoandika, na mpunga tunaoula kila siku. Mwaka 1893 askari wa Dola la Kongo walipoingia Kasongo, daktari mmoja Mwingereza, jina lake Hinde, aliona bustani zenye machungwa, mapera, makomamanga, mananasi na maembe, akaandika habari zake. Kwa hiyo katika Maniema watu wamekaa karibu na ndimu na sukari tangu zamani sana. Shira kwetu si ugeni.

Sasa shamba. Nitasema kwa ufupi, kwa sababu habari za tangawizi zataka siku yake. Panda mwezi wa Septemba, mvua zinapoanza. Chukua kipande chenye macho mawili au matatu, kisiwe na doa wala ulaini. Kiweke chini ya udongo sentimita 5, na kati ya kipande na kipande acha sentimita 25. Tengeneza matuta, maana tangawizi haipendi kusimama katika maji; mizizi huoza na harufu yake mbaya utaisikia kabla hujachimba. Funika tuta kwa majani makavu. Usirudie mahali pale pale mwaka wa pili, wala wa tatu.

Majani yatakuwa ya njano baada ya miezi minane au zaidi, yaani wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni au Julai. Ndipo tangawizi imekomaa. Na hapa pana shida: Noeli iko Desemba, na tangawizi iliyopandwa Septemba wakati huo bado changa, ina maji mengi na ukali kidogo. Kwa hiyo mwenye akili huweka akiba. Vipande vizima, visivyokatwa na jembe, huvizika katika mchanga mkavu ndani ya sanduku, kivulini. Vidogo na vilivyovunjika, vile alivyovikataa mnunuzi, huvikata vyembamba na kuvianika juani mpaka vikatike kama kijiti. Tangawizi kavu yafaa sana kwa shira. Tumia kama theluthi tu ya uzito wa ile mbichi, maana maji yamekwisha kutoka, ukali umebaki. Idi nayo haina mwezi mmoja. Kila mwaka inasogea nyuma kama siku 11. Mwenye kuweka tangawizi kavu ana shira kwa Idi na kwa Noeli, ikija mvua, likija jua.

Viungo vingine navyo tuvitazame. Karafuu na mdalasini huuzwa sokoni katika vifuko vidogo. Karafuu 6 zatosha kwa chupa nzima. Ukizidisha, shira italeta ganzi mdomoni kama dawa ya meno. Mdalasini, kipande cha urefu wa kidole. Uangalie unachonunua. Mdalasini hunusika vizuri hata ukiwa mkavu, na ukitafuna kidogo ni mtamu. Gome lisilo na harufu usilinunue, na gome la mti wa porini usilolijua usilitie katika sufuria ya watoto hata kama muuzaji anaapa. Iliki kwetu ni ghali. Badala yake wako wazee wanaotumia mbegu za yale matunda mekundu ya porini, ambayo watoto huyafyonza njiani na wengine huyaita matungulu. Mbegu zake zina harufu karibu na iliki. Mimi nimezijaribu, nikazipenda. Lakini uonyeshwe na mtu anayeyajua, usijichumie tu. Mchaichai unao nyuma ya nyumba. Mashina matatu yaliyopondwa yafaa. Na maganda ya nanasi usiyatupe: yaoshe vizuri, uyachemshe pamoja na viungo, utapata harufu ambayo hakuna duka liuzalo.

Haya, tuingie jikoni.

Chukua tangawizi mbichi gramu 200, yaani vipande vya kujaza kiganja cha mtu mzima. Osha kwa maji mengi, toa udongo wote katika mikunjo. Si lazima kumenya. Ponda katika kinu, lakini kinu kisiwe kile kilichotoka kupondwa pilipili au sombe, maana shira hukumbuka kila kitu. Tia tangawizi katika sufuria pamoja na karafuu, mdalasini, mchaichai, na ganda la ndimu moja lililokatwa jembamba bila ule weupe wa ndani, maana weupe ni mchungu. Mimina maji robo tatu ya lita. Funika. Yakianza kuchemka punguza kuni, uache yatokote polepole kwa dakika 20. Kifuniko kisiondoke. Ile harufu nzuri inayojaza nyumba ni harufu inayokimbia chupa yako.

Wengi hupenda kutia sukari tangu mwanzo ili kumaliza upesi. Haifai. Maji yakiwa mazito kwa sukari, viungo havitoi nguvu yake vizuri, na sukari inayokaa motoni muda mrefu huungua chini.

Sasa chuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa. Kamua. Acha maji yale yatulie dakika 10, utaona unga mweupe umeshuka chini ya bakuli. Huo ni wanga wa tangawizi. Mimina maji ya juu polepole, unga uuache, maana ukiingia katika shira utaifanya iwe na utusitusi na kuharibika upesi. Yale makapi ya tangawizi usiyatupe nayo. Yana ukali bado, yafaa kwa chai ya kesho asubuhi.

Sasa pima. Hapa nataka masikio yote mawili. Chukua kikombe chochote, lakini kikombe kimoja tu kwa kazi yote. Kwa vikombe 2 vya maji yale ya viungo, tia vikombe 5 vya sukari. Mwenye mizani apime kilo moja ya sukari kwa nusu lita ya maji. Ikiwa maji yamepungua, ongeza. Ikiwa yamezidi, yarudishe motoni kwanza yapungue. Tia na maji ya ndimu mbili, yaliyochujwa. Ndimu haikutiwa kwa ladha tu. Uchachu wake hugawanya sukari wakati wa kuchemka, hata isiweze kurudi kuwa punje ndani ya chupa. Shira isiyo na ndimu mara nyingi utaikuta baada ya wiki mbili imefanya mawe chini.

Koroga juu ya moto mdogo mpaka sukari imeyeyuka yote. Ikichemka, toa povu kwa kijiko, uiache ichemke taratibu dakika 5, usizidishe. Tone moja juu ya sahani baridi litakuonyesha: litembee kivivu kama mtu aliyeshiba. Likikimbia kama maji, bado. Likisimama kabisa, umepitiliza, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maji.

Mtu wa mbali na duka atauliza, "Nami nisiye na sukari?" Ikiwa unayo miwa iliyokomaa, kamua lita 6 za maji yake, uchemshe siku ile ile, maana maji ya miwa yakilala usiku yamekwisha chachuka. Toa povu bila kuchoka. Yakipungua mpaka lita moja, utapata shira nyeusi nzuri. Viungo vichemshe katika maji hayo wakati bado mepesi, kisha uchuje. Ila nakuambia kweli, kuni zitakwenda nyingi na saa nyingi. Sukari ya dukani hufika Kindu kwa safari ndefu, kwa reli au kwa barabara mbaya au kwa mto, na bei yake hupanda na kushuka kwa kadiri ya safari hiyo. Hesabu kuni zako na hesabu sukari, uchague.

Sasa nitaungama. Mwaka wangu wa kwanza wa kutengeneza shira nilitaka kuwa mjanja. Nilitia kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, nikasema moyoni kwamba nimepata shira nyingi kwa sukari kidogo. Nikajaza chupa nne za bia, nikazifunga kwa nguvu, nikaziweka chini ya kitanda cha nyanya yangu, mahali penye kivuli. Ilikuwa siku ya 10 Desemba. Usiku wa tarehe 22 tuliamka kwa mshindo. Nyanya alipiga kelele akidhani ni bunduki, na mtu wa umri wake katika nchi hii ana sababu ya kudhani hivyo. Chupa mbili zilikuwa zimepasuka. Vigae vilikuwa vimechoma godoro kwa chini. Zile mbili zilizobaki zilikuwa na povu na harufu ya pombe. Asubuhi siafu walikuwa wamefika. Nyanya hakunitukana, alikaa tu akitazama godoro lake, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kosa lilikuwa nini? Katika hewa, juu ya maganda na katika kila chombo mna vijidudu vidogo visivyoonekana, jamaa ya hamira. Hivyo hula sukari na kutoa hewa na pombe. Lakini ili viishi sharti vipate maji ya kunywa. Sukari ikiwa nyingi sana, kama theluthi mbili za uzito wote, huyashika maji kwa nguvu, hata vijidudu vikose la kunywa. Sukari ikiwa nusu tu, vinakunywa na kula na kuzaana. Kwa hiyo anayebana sukari katika shira ya kuweka hakubakiza kitu. Ikiwa huna sukari ya kutosha, tengeneza kidogo, uitumie katika siku mbili tatu, wala usiifunge kabisa katika chupa ya kioo.

Chupa nazo zina sheria. Chupa iliyokuwa na mafuta ya taa, petroli, au dawa ya kuua wadudu wa shamba haifai kwa chakula milele, hata ukiiosha mara 20. Iliyokuwa na bia au soda yafaa. Ioshe kwa sabuni na mchanga, suuza, ilaze katika sufuria ya maji baridi, kisha washa moto mpaka yachemke dakika 10. Ukiitumbukiza chupa baridi katika maji ya moto itapasuka. Itoe ikiwa moto bado, mimina shira ikiwa moto bado, moto kwa moto, ujaze karibu na mdomo, ufunge kwa kifuniko kilichochemshwa nacho. Chupa ya plastiki hujikunja kwa shira ya moto, usiitumie. Andika tarehe kwenye karatasi, uibandike kwa uji wa muhogo. Chupa iliyojazwa hivyo na isiyofunguliwa, mahali pa baridi na giza, itakaa miezi mitatu bila taabu. Ikishafunguliwa, imalize katika wiki tatu au nne. Ukiona povu, ukungu au harufu ya pombe, mwaga.

Nimebakiza jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni la maji ya kuchanganya.

Shira yenyewe ni safi. Imechemshwa mara mbili, na sukari yake haipendezi vijidudu. Lakini wewe unatia sehemu 7 za maji kwa sehemu moja ya shira. Maji yale umeyatoa wapi? Mwaka mmoja, katika nyumba ya mkubwa wangu, shira ilikuwa nzuri ajabu. Ndiyo niliyoitengeneza mimi mwenyewe kwa kipimo sahihi. Nikaona fahari. Wageni walikuwa wengi, maji yaliyochemshwa yakaisha saa nane mchana. Kijana mmoja akatumwa na ndoo. Hapana aliyeuliza ameyateka wapi. Utamu na tangawizi huficha kila kitu. Maji ya Lualaba yakitiwa shira huwa kinywaji kizuri, wala ulimi hautambui. Kesho yake watu watano katika nyumba ile walikuwa wanaharisha, na mmoja wao alikuwa binti wa mkubwa wangu, mwenye miaka minne. Macho yalizama, ngozi ya tumbo ukiivuta ilibaki imesimama. Shemeji yangu alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya, nami nikamfuata nyuma nimebeba taa, nikikumbuka kwamba nilimpa kikombe kile kwa mkono wangu. Alipona siku ya nne.

Mnajua habari za kipindupindu katika miji iliyo kando ya mto huu. Mwaka 2017 kilienea katika majimbo mengi ya Kongo. Kinapita katika maji na katika mikono. Kwa hiyo: siku moja kabla ya siku kuu, chemsha maji ya kutosha. Yachemke kwa nguvu, yenye mapovu makubwa, dakika moja kamili baada ya kuanza. Yaache yapoe katika sufuria ile ile iliyofunikwa. Kwa lita moja ya shira uwe na lita 7 tayari, na nyingine 3 za akiba kwa sababu wageni huzidi siku zote. Teka kwa kata yenye mpini mrefu, si kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono. Barafu ya mjini usiitie, isipokuwa umeigandisha mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa. Baridi haiui vijidudu, huwalaza tu. Na maji ya akiba yakiisha, sherehe ya kunywa imekwisha. Wape wageni ndizi.

Tena mkumbuke. Mtu akiharisha, msimpe shira mkidhani sukari itamtia nguvu. Kinywaji kitamu mno huzidisha kuharisha. Mpeni maji haya: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo bila kukoma, na apelekwe kituo cha afya. Katika kila nyumba inayotengeneza shira sukari ipo. Basi vijiko 6 viwekwe kando tangu mwanzo. Mimi huvifunga katika karatasi pamoja na chumvi yake, nikaviweka juu ya rafu.

Sasa turudi kwenye furaha. Kwa watoto, kijiko kikubwa kimoja cha shira katika kikombe kidogo cha maji chatosha. Kwa wazee wenye kifua kibaya, vijiko viwili katika maji ya moto na ndimu. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari asinywe kabisa, hata akiombwa na shangazi. Mtoto mchanga naye hapewi. Wengine hutia asali mahali pa sukari. Asali ni nzuri, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali hata kwa ncha ya kidole.

Kwa chakula, jaribu vitumbua vya mchele. Maniema ni nchi ya mchele, na mchele wetu uliolowekwa na kusagwa hufanya vitumbua laini. Vikitoka katika mafuta, vichovye katika shira vikiwa moto, na shira iwe baridi; ndivyo vinavyonywa vizuri bila kulainika. Ndizi mbivu zilizokaangwa, vijiko viwili juu yake. Nanasi lililokatwa mviringo, likamwagiwa shira asubuhi na kuachwa limefunikwa mpaka mchana, huwa kitu ambacho mgeni hukumbuka. Uji wa mchele na maziwa na shira kidogo huwafaa wasio na meno. Nyanya yangu, aliyepoteza godoro, siku hizi huula hivyo, na hunitania kila mara nikileta chupa: "Hii imeshiba sukari, au niihamishe kitanda?"

Wale akina mama wa Alunguli walitengeneza chupa 11 kwa mabaki ya vikapu vile. Tano walizinywa katika nyumba zao. Sita waliziuza kwa majirani wa Kasuku, nao wakapata bei iliyopita ile ambayo mnunuzi alitoa kwa vipande vikubwa. Mwaka huu wameniambia kwamba watachagua wenyewe kabla mnunuzi hajafika. Nitavuka tena mwisho wa Novemba, siku ya soko. Anayetaka kuja aje na chupa yake iliyochemshwa, na kikombe chake kimoja cha kupimia.